Mtu Aliyeitwa U Hali Gani

Mwaka 1891 mwanamke wa Kimarekani, May French Sheldon, alitoka Mombasa akaenda hadi Kilimanjaro, na sifa iliyomfuata maishani ni kwamba alisafiri peke yake. Alikuwa peke yake na wapagazi zaidi ya mia moja. Walimbebea machela ya kulalia, gauni la sherehe na wigi la nywele za rangi ya dhahabu la kuvaa mbele ya machifu, pamoja na pete zilizochorwa jina lake za kuwagawia watu njiani. Kuna siku walimbeba na yeye mwenyewe. Mwaka 1893 machela hiyo ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na waliobaki kuonyeshwa kidogo sana ni wale waliokuwa chini yake.

Kwa hiyo neno "peke yake", katika vitabu vya safari vya wakati ule, lilikuwa na maana moja tu: bila Mzungu mwingine. Ukishaijua maana hiyo, rafu nzima ya maktaba inasomeka upya. Livingstone alikuwa "peke yake" miaka kadhaa, na Susi na Chuma wapo pembeni yake muda wote huo. Alipofariki 1873 hao walio pembeni ndio walioibeba maiti yake hadi Bagamoyo, safari iliyokwisha Februari 1874.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, na vitabu hivi ndivyo chakula changu cha kila siku. Juni mwaka jana niliamua kuvifunga. Nilitaka kusafiri peke yangu kwa maana ya kawaida ya maneno hayo: mimi na begi la mgongoni, bila mwenyeji na bila ratiba. Kwenye simu niliandika mpango wote kwa mistari mitatu: Singida. Shelui. Baadaye tutaona.

Nikiri kwamba wazo lenyewe halikutoka kwenye maktaba. Rafiki yangu alikuwa ananitumia video za vijana wanaozunguka Patagonia, kule kusini kabisa mwa Chile na Argentina, wana mabegi makubwa kuliko miili yao, wakisema hawajui kesho watalala wapi. Nilizipenda mno. Baadaye nikaja kugundua kwamba kwenye mbuga maarufu kuliko zote huko, Torres del Paine, siku hizi lazima ulipie mapema mahali utakapolala kila usiku, la sivyo hupiti. Na yule Mwingereza aliyepata jina kwa kuivuka Patagonia miaka ya 1869 na 1870, George Musters, hakuivuka peke yake hata kidogo. Alihama na Watehuelche, wenyeji wa nyika ile, akalala kwenye mahema yao na kula walichowinda. Kitabu chake kilitoka 1871, mwaka uleule Stanley alipokuwa akipita Tabora kumtafuta Livingstone. Dunia mbili tofauti, na uongo wa aina moja.

Basi nikachagua Patagonia ya kwetu, ninayoweza kuifikia kwa basi.

*

Kutoka Singida mjini hadi Shelui ni kama kilomita 110 za lami kuelekea Nzega. Unapita Misigiri, penye njia ya kwenda Kiomboi, kisha barabara inaanza kushuka mlima Sekenke, mteremko ambao madereva wa malori huutaja kwa sauti ya chini. Ukishafika bondeni, hewa inabadilika, joto linapanda, na mbele yako inatandazwa nyanda ya Wembere, tambarare mpaka macho yachoke. Shelui iko hapo chini. Ina maduka, gesti, mafuta ya alizeti kwenye madumu, vitunguu kwenye nyavu nyekundu, wachimbaji wadogo wa dhahabu wenye vumbi hadi kwenye kope.

Kwenye gesti nilipewa daftari la wageni. Bila shaka unalijua daftari hilo: Jina. Kabila. Kazi. Atokako. Aendako. Nilijaza yote nikafika kwenye Aendako, kalamu ikasimama. Dada wa mapokezi, aliyekuwa akinisubiri kwa uvumilivu, akauliza, "Umekuja kwa nani?"

"Sijaja kwa mtu."

"Umekuja kikazi?"

"Hapana, dada. Natembea tu."

Akaniangalia, akaangalia begi, akaniangalia tena. "Unatembea tu," akasema. Halafu akachukua kalamu mwenyewe akaandika Igunga, maana ndio mji unaofuata na daftari halipendi nafasi wazi.

Nilikuja kuulizwa swali lile mara tano kabla jua halijazama. Aliuliza kijana wa bodaboda, akauliza muuza vocha, akauliza mzee mmoja kwenye kivuli cha mwarobaini aliyeitikia shikamoo yangu kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama nina matatizo nyumbani. Mwanzoni swali liliniudhi. Msichana mwenye begi peke yake, nikajisemea, lazima awe amekimbia kitu. Lakini usiku ule chumbani nikaanza kulifikiria kwa namna nyingine, kwa sababu nilikuwa nimebeba hadithi ya mtu mmoja aliyepita pande hizi bila mwenzake, na nilijua ilivyomwishia.

*

Stanley analiandika jina lake Kaif Halleck. Msomaji anayejua Kiarabu kidogo atashtuka: ni salamu. Maana yake ni U hali gani? Stanley mwenyewe anaitafsiri hivyo, kwa utani, katika kitabu chake cha kwanza, na haendelei kuuliza kama mtu huyo alikuwa na jina jingine. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye historia: Bwana U Hali Gani, tarishi.

Kazi yake ilikuwa barua. Mwishoni mwa 1870 ubalozi wa Uingereza Zanzibar ulituma mizigo kwa Livingstone, aliyekuwa bara hajulikani alipo, na Kaif Halleck alikabidhiwa mfuko wa barua. Mfuko ulikuwa na tarehe ya Novemba 1, 1870. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka uliofuata alimkuta tarishi bado yupo pale pale na mfuko wake, barua hazijafunguliwa. Akamchukua kwenye msafara wake mpaka Ujiji, na hapo Livingstone akazipokea karibu mwaka mzima baada ya kufungwa. Kila mtu anajua maneno ambayo Stanley anadai aliyasema siku ile. Aliyekuwa amebeba barua kutoka pwani hakuna anayemkumbuka.

Mwaka 1874 Stanley alirudi na safari kubwa zaidi. Aliondoka Bagamoyo Novemba 17 na watu zaidi ya 300, na mashua iliyokatwa vipande ili ibebeke mabegani. Njia kuu ya misafara ilipita Ugogo, ikaingia pori la Mgunda Mkali, ambalo leo ni Manyoni na Itigi, kusini mwa mkoa huu huu wa Singida, kisha ikatokea Tabora. Stanley hakuifuata mpaka mwisho. Alitaka kufika Ziwa Viktoria kwa njia ya mkato, hivyo akiwa Ugogo akageukia kaskazini. Hapo mipango yake ikawa kama yangu: Baadaye tutaona.

Waongozaji aliowakodi wakatoroka. Njia ikapotelea kwenye mapito ya tembo na faru. Watu kadhaa walipotea vichakani na njaa ikawaua. Stanley alichagua wanaume wenye nguvu akawatuma mbele kutafuta nafaka, na wakati anawasubiri alimwaga vilivyokuwamo kwenye sanduku moja la bati, akalijaza maji, akalitenga juu ya mawe na kupika uji kwa shayiri aliyokuja nayo kutoka Ulaya. Zaidi ya watu 200 waligawana uji ule, kila mmoja vikombe viwili. Napenda picha hii kuliko zote katika kitabu kile. Mvumbuzi mashuhuri wa karne, na kilichobaki cha uvumbuzi wake ni sanduku la nguo linalochemka.

Walifika Unyaturu Januari 1875, wamedhoofu. Kaif Halleck alikuwemo, na alikuwa na pumu. Hakuweza kwenda kwa mwendo wa msafara, akabaki nyuma. Basi mtu aliyefanya kazi ya kupeleka habari za wengine akabaki njiani yeye mwenyewe, bila mwenzake, katika nchi ambayo hakuwa na mwenyeji. Walikuja kuukuta mwili wake umekatwakatwa.

Siku chache baadaye, mahali Stanley anapopaita Vinyata, vita vikazuka. Wapagazi wengine walishambuliwa wakiokota kuni, Stanley akajenga boma, akapeleka vikosi, akachoma vijiji na kuchukua nafaka. Kwa hesabu yake mwenyewe alipoteza watu zaidi ya 20. Wanyaturu walipoteza wangapi, na waliuelezaje uvamizi huo wa mamia ya watu wenye bunduki na njaa, hilo halimo kitabuni. Msafara ukaendelea Iramba, ukavuka nyanda ya Wembere, hiyo hiyo ninayoiona kutoka nyuma ya gesti, na Februari 27, 1875 ukafika ziwani.

Kwa miaka miwili nilikuwa nikiisimulia hadithi hii kwenye semina kama mfano wa jinsi wapagazi walivyopotezwa na maandishi. Shelui ilinifanya nione kitu kingine ndani yake. Nimeulizwa mara tano siku moja nimekuja kwa nani. Kaif Halleck hakuwa na jibu la swali hilo, na hakuwa na pumzi ya kulifikia jibu.

*

Tukisema misafara ya zamani haikuwa na mipango, tunasema kweli na tunakosea. Hakukuwa na ratiba. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda pwani baada ya mavuno hakujua atafika lini. Mvua ingechelewesha, vita vingefunga njia, pembe zingekosa bei. Mzigo wake ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. (Begi langu, nililolipima Singida kwenye mizani ya muuza nafaka, lilikuwa kilo 11, na bado nililalamika.) Juu ya hizo frasila mbili alibeba mkeka wake, chungu, kibuyu na chakula. Pembe kubwa ilitundikwa kengele. Mzigo uliomshinda mmoja ulifungwa kwenye mti, wawili wakauchukua mzegamzega.

Alichokuwa nacho badala ya ratiba ni watu. Mbele alitembea kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, mzigo wake mwepesi, bendera mkononi. Ndiye aliyejua maji yako wapi na lini msafara ufanye terekeza, yaani kuondoka mchana, kulala porini bila maji na kuyafikia asubuhi ya pili, maana bila hivyo Mgunda Mkali haukuvukika. Nyuma yake kulikuwa na makundi ya watu waliokula chungu kimoja na kulala kibanda kimoja, wengi wao ndugu au majirani. Aliyeugua, mzigo wake uligawanywa na wa chungu chake. Kwenye mipaka ya machifu walilipa hongo, ambayo haikuwa rushwa bali ushuru wa wazi wa kupita na kunywa maji, na watu wawili wenye akili timamu waliweza kubishana juu ya kiwango chake siku tatu. Kazini walipewa posho, nayo ilikuwa chakula au nguo ya kununulia chakula. Inanichekesha kwamba maneno mawili tunayoyasikia zaidi kwenye mikutano ya leo, hongo na posho, yametoka mabegani mwa watu hawa. Mimi kwa safari hii sikulipwa lolote kati ya hayo mawili.

Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wapagazi hawa mwaka 2006, anashikilia kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi na utamaduni wao, waliogoma, waliodai na kuacha kazi walipotaka. Waongozaji waliotoroka Ugogo wanaonekana tofauti ukiwatazama kwa jicho hilo. Stanley anawaita wasaliti. Huenda walikuwa watu wawili watatu waliotazama mbele, wakaona msafara mkubwa ukiingia nchi isiyoujua, wakakataa kazi.

Wanawake nao walikuwemo. Hili hunikera kila ninapotazama zile picha za kuchorwa zenye safu ya wanaume tu. Walikwenda kama wake za wapagazi, kama wapishi, wengine wakibeba mizigo yao wenyewe na watoto juu yake. Lakini mwanamke nje ya msafara lilikuwa jambo jingine. Marcia Wright alikusanya simulizi za wanawake wa karne ile, na mmoja wao, Bwanikwa, Mluba, aliuzwa mara kumi. Mara kumi alipita njia asizozichagua, akaenda asikokuwa na mtu. Ninapomkumbuka yeye, siwezi tena kuudhika kwamba mzee chini ya mwarobaini ameniuliza kama nina matatizo nyumbani. Miaka 130 iliyopita, msichana wa umri wangu kuonekana peke yake kwenye nyanda hii kulikuwa na maelezo machache sana, na karibu yote yalikuwa mabaya.

Reli ndiyo iliyoimaliza kazi ile. Ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Dodoma 1910 na Tabora 1912, na kilo zilizohitaji maelfu ya mabega zikaingia kwenye mabehewa. Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wamekwisha kupata dhahabu hapo juu Sekenke na kuanza kuichimba. Vita Kuu ilipowakatia njia ya bahari, dhahabu hiyo ilitumika Tabora mwaka 1916 kufyatulia sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Wachimbaji wadogo niliowaona Shelui bado wanaichokonoa miamba ileile. Na vita hivyohivyo vikarudisha upagazi kwa nguvu, safari hii bila chungu cha kuchagua wala haki ya kugoma. Kwa kikosi cha wabebaji, Carrier Corps, tulipata jina la Kariakoo, na wazee waliokufa kwenye kazi hiyo hawakupata hata salamu ya kuitwa.

*

Asubuhi ya siku ya pili nilikwenda kunywa chai kwa mama ntilie karibu na stendi. Alikuwa mama wa makamo, mnene, kanga kiunoni, anakanda unga wa chapati huku anagombana na mtu kwenye simu iliyobanwa begani. Alipomaliza nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa gesti, unayetembea tu."

Habari hupita Shelui haraka kuliko ilivyopita mikononi mwa matarishi wa ubalozi. Nikakubali kwamba ndimi. Akauliza kwetu ni wapi, nikasema Kisarawe. Akaacha unga.

"Kisarawe? Mzaramo wewe?"

"Mzaramo, mama."

Akapiga kofi mezani mpaka vikombe vikaruka. "Mtumwa wangu! Mtumwa wangu amekuja mwenyewe bila kuitwa!" Akawageukia wateja waliokuwepo, madereva wawili na mchimbaji mmoja. "Jamani, huyu ni mtani wangu. Mimi Mnyamwezi wa Nzega. Hawa tuliwapitia kwao tunakwenda pwani, wakatuibia kuku."

"Nyinyi ndio mlioiba muhogo wetu," nikasema. Lilinitoka bila kufikiri. Nililisikia kwa bibi yangu msibani nikiwa na miaka minane, siku jirani yetu Mnyamwezi alipolala kwenye kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka mpaka alipwe.

Wanaosoma habari za utani kati ya watu wa bara na watu wa pwani mara nyingi huufuatisha na njia za misafara. Watu walipita kwenye mashamba ya watu wengine mwaka hadi mwaka wakiwa na njaa, wakagombana, kisha wakapata namna ya kugombana isiyoua. Mtani anaweza kukunyang'anya chakula usikasirike. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Na ukifa ugenini, mtani ndiye mwenye wajibu wa kukushughulikia. Nilikuwa nimeyasoma haya. Niliwahi hata kuandika kurasa kumi na mbili na kupata alama nzuri.

Mama akanyakua begi langu. "Hili sasa ni langu." Akajaribu kulipandisha kichwani, likamwelemea upande, mikanda ikaning'inia usoni mwake kama masikio ya mbuzi. Madereva wakacheka hadi mmoja akapaliwa na chai. "Umebeba nini humu, mawe? Na hii mikamba ya nini? Mnyamwezi habebi kitu chenye mikamba."

"Vitabu, mama."

"Vitabu!" Akaliweka chini taratibu, kwa adabu ambayo hakuwa ameionyesha mimi. Akakaa kwenye benchi mbele yangu, na sauti yake ikawa ya chini kidogo. "Sasa mtani, niambie ukweli. Unakwenda wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kwamba nataka kuivuka Wembere, nione Igunga, labda Nzega, labda Tabora. Nikamweleza habari ya tarishi mwenye pumu aliyeachwa nyuma upande wa Singida zamani, jina lake salamu. Sikutegemea asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yenye unga magotini.

"Alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa Zanzibar, nadhani. Hawakuandika."

"Na nani alimzika?"

Miaka miwili nimeisoma habari ya Kaif Halleck, na sikuwa nimejiuliza swali hilo hata mara moja. Stanley anasema jinsi alivyokutwa. Kaburi lake silikumbuki kulisoma popote, na jamaa zake Zanzibar, kama aliwaacha, sijui waliipata habari kwa mdomo wa nani.

"Unaona," mama akasema, akiinuka kurudi kwenye chapati zake. "Wewe ukifia hapa, nitakuzika mimi. Na nitawadai watu wa Kisarawe gharama, walipe wasilipe nitalala kaburini. Kula."

Nilipotaka kulipa akakataa, halafu dakika hiyohiyo akanidai elfu kumi za kuku walioibiwa mababu zake. Tukapatana kwa elfu moja na picha ya pamoja. Kisha akaichukua ile simu yake, akaibana tena begani, akapiga, akaanza kuongea Kinyamwezi kwa kasi. Nilisikia Mzaramo, nikasikia vitabu, nikasikia kicheko cha mwanamume upande wa pili.

Saa nne nilipanda gari la Igunga. Viti vilikuwa vimejaa, nikakaa juu ya gunia la vitunguu karibu na mlango, begi mapajani. Mlima Sekenke ukabaki nyuma ukipungua, na Wembere ikafunguka pande zote mbili: majani makavu, mbuga ya udongo mweusi uliopasuka, ng'ombe wa Wasukuma na Wataturu wakitembea mmoja nyuma ya mwingine kwenye vijinjia vyembamba. Nilijaribu kuweka watu 200 kwenye nyanda ile, na vipande vya mashua mabegani mwao. Wakati wa mvua, kondakta aliniambia, maji husimama huku mpaka magotini.

Katikati ya nyanda simu yangu ikaita. Namba sikuijua.

"Haloo. Wewe ndiye mtumwa wa dada yangu?"

"Ndimi, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi niko stendi ya Igunga, nakusubiri. Begi lako rangi gani?"

Nikamwambia la bluu.